Neno "moyo wa kibuyu" lilitoka Menengai, na nilikuwepo

Wakuu, sasa. Nimeona vijana humu wakibishana "moyo wa kibuyu" ni nini na lilitoka wapi. Mimi ni shosho wa Nakuru. Naandika polepole, lakini hii niliiona na macho yangu. Chumvi sitaongeza.

Miaka ya hamsini nilikuwa nimeolewa juzi tu. Tuliishi kwa shamba la mzungu, chini ya mlima Menengai. Sisi wanawake tulikuwa tunachuma pareto. Shemeji yangu Njoroge ndiye alikuwa anachunga ng'ombe.

Siku moja ndume ya mzungu ikapotelea ndani ya crater, lile shimo kubwa la mlima. Mzungu akasema isipopatikana, familia yetu yote itoke shambani.

Na hakuna mtu alikuwa anateremka huko. Moshi unatoka kwa mawe. Wazee walisema ni kwa pepo.

Njoroge akachukua kibuyu cha muratina, ile pombe yetu ya kienyeji, akamaliza chote.

Mume wangu akamshika mkono. "Ngoja ukungu uishe."

"Woga ni wenu! Hao pepo wenyewe wananijua."

Akashuka akiimba. Ilikuwa mchana, lakini ukungu ukammeza mara moja.

Tukakaa juu kwa ukingo tukisikiliza ule wimbo. Mara uko kulia. Mara kushoto. Mara uko hapa miguuni petu, na mtu hatumwoni.

Jua likielekea kuzama, Njoroge akatokea nyuma yetu na ile ndume. Kofia hana, pombe imemtoka kabisa. Nikashukuru Mungu.

Kisha mume wangu akainua kidole, tunyamaze.

Kule chini wimbo ulikuwa bado unaendelea. Sauti ni ya Njoroge. Na Njoroge amesimama na sisi, mdomo umefungwa.

"Ni nani huyo?" nikauliza.

Njoroge akasema, "Ni yule alishuka." Akaanza kulia.

Shamba hatukufukuzwa. Lakini Njoroge hakuimba tena, hata kanisani.

Tangu hapo, mwanaume akilewa na kujigamba, wamama walimwambia, "Huo ni moyo wa kibuyu." Neno likafika town, story yake ikabaki nyuma.

Nilichojifunza: ujasiri wa pombe unajua kukupeleka, haujui kukurudisha. Kama lazima uende, enda ukiogopa hivyo hivyo.

Watu wa Bahati, Rongai na Solai, kwenu mlikuwa mnaliitaje? Na kama umewahi kusikia mtu akiimba huko Menengai wakati wa ukungu, andika hapa ulisikia nini.