Shuka za Uzi Mwekundu

Mtoto wa marehemu mdogo wangu tulimwita Kalamu, maana tangu darasa la pili hakutoka nyumbani bila kalamu sikioni. Nilimlea kwa kufulia watu nguo. Alipofika darasa la tano alinikalisha jikoni akanifundisha kuandika jina langu. Herufi sita, mwezi mzima. Mengine mpaka leo najikongoja.

Akawa katibu wa nyumba ya mayatima, akaniweka mfuaji na mtunza stoo. Nilijisifu sokoni mpaka watu wakanichoka.

Mwaka jana zilikuja shuka mia mbili kutoka ng'ambo. Serikali ilizisamehe ushuru kwa sharti moja: wazilalie wale watoto, si mtu mwingine. Kila moja niliitia uzi mwekundu pembeni, kama kawaida yangu. Wiki ya pili Kalamu akazipakia zote garini, ati zinakwenda kupigwa muhuri. Hazikurudi. Watoto wakaendelea kulala juu ya nailoni, asubuhi migongo vipele vitupu.

Kisha mfuaji wa gesti ya Kalamu, nyumba yake ya kulaza wageni, akaugua. "Mama mkubwa, nisaidie siku moja tu." Nikaenda. Beseni la kwanza, shuka zinanuka pombe na manukato ya watu wasiojuana. Nikageuza pembe: uzi wangu. Nyingine, uzi wangu. Nilitapika pale pale. Moja nikaondoka nayo.

Tukaambiwa mkaguzi wa kodi anakuja. Kalamu akanijia na karatasi, na soda baridi ya kunilainisha.

"Weka sahihi hapa, Mama mkubwa."

"Inasemaje?"

"Shuka zilichakaa, ukazichoma."

"Nichome shuka mpya, mimi? Mimi niliyeitia soksi yako moja viraka vinne?"

"Usiposaini watafuta msamaha wetu wa kodi. Nyumba itafungwa, watoto walale nje kwa ukaidi wako."

"Kwani sasa wanalalia nini?"

Akacheka. "Mambo ya kodi huyajui, mama. Hata kusoma ni shida."

"Pembe ya shuka naisoma."

Soda nikaimwaga. Lakini usingizi sikupata; neno la nyumba kufungwa nililigeuza mpaka alfajiri.

Mkaguzi alikuwa mwanamke mwenye sauti ndogo. Nikamtandikia ile shuka mezani, Kalamu akiwepo.

"Mwanangu, nikisema kweli, watoto watafukuzwa?"

"Nyumba ikijisema yenyewe, bibi, msamaha unaweza kubaki. Ushuru tutamdai aliyezihamisha."

"Basi andika, nitasaini."

Kalamu akaninong'oneza, "Mama mkubwa, mimi si damu yako?"

"Ndiyo maana nilitapika."

Nikaichomoa kalamu sikioni mwake, nikaandika herufi zangu sita, polepole, alivyonifundisha.

Zimerudi shuka mia na sitini na moja. Nimezichemsha mara tatu. Watoto wanazilalia, wanasema zinanukia sabuni. Mimi ile harufu nyingine bado naisikia.