Mukaba wa Mashini ya Mama

Juzi nilikuta Furaha, binti ninayemufundisha kushona, amelala na uso juu ya kitambaa, muguu ukiwa bado kwenye pedali. Hapo njo nikakumbuka mama yangu, kule Mushaki.

Mama alikuwa mushonaji. Mchana mumoja mvua ilikuwa imekatika, na nyumba ilinuka mafuta ya mashini na maharagi. Mama alitoa mukaba unaozungusha mashini, akautia mufukoni, akaenda kukaa inje kwenye jua. Bibi-arusi mumoja akafika mbio.

"Mama, nguo yangu ya ndoa iko wapi?"

"Ngoja kidogo, dada. Mashini imelala."

"Mashini? Ao ni weye njo umelala?"

Mimi nilikuwa mutoto, niliamini kwamba mashini inachoka kama ngombe. Niliifunika na kitenge, nikakataza wadogo wangu kupiga kelele. Mama alicheka mpaka akakohoa. Lakini kusema haki, nguo ilichelewa, na yule bibi-arusi alilia.

Pengine ni sababu ya kilio kile, nilipofungua atelie yangu ya kushonea hapa Kitshanga, nilisema kwangu hakuna mashini ya kulala. Nilijisifu hata kanisani. Sikufikiri kwamba mukaba ule, ukiwa mufukoni, ulikuwa unamupumuzisha mama na kulinda mugongo wake.

Nikamwamusha Furaha polepole. Nikatoa mukaba wa mashini yake, nikautia mufukoni, nikamwambia aende kwenye jua.

Hakucheka. Alianza kukunja vitu vyake, machozi yakimutoka.

"Mama patroni," akasema, "usinifukuze. Sitalala tena."