Vitamini Nilizompelekea Mama

Siku mkojo wa mama yangu ulipogeuka manjano ya kung'aa, kama ile jaketi ya mwendesha boda, alinipigia simu kwa furaha. Nilikuwa kibandani kwangu mjini Migori, nimeinamia simu ya mchimba dhahabu wa machimbo ya Osiri iliyozama kwenye tope. Mikono yote miwili ilikuwa na kazi, kwa hivyo nikaweka spika. Wateja watatu walikuwa wamekaa kwenye benchi.

"Zinafanya kazi!" mama akapaza sauti. "Nimeona kwa macho yangu. Manjano mpaka inang'aa!"

"Mama, niko na watu."

"Waambie na wao wanunue."

Benchi nzima ikacheka, nami nikacheka, ingawa masikio yalikuwa yamepata moto. Vitamini hizo nilikuwa nimempelekea siku chache tu kabla. Moyoni nilijiona mtoto wa maana sana.

Mwaka mmoja kabla ya hapo damu ya mama ilikuwa imeganda mguuni. Mguu ulivimba ukawa mgumu, na daktari akatuambia bila kuzungukazunguka kwamba donge kama lile likiachana na mguu linaweza kupanda hadi kwenye mapafu, na likifika huko hakuna tena muda wa kutafuta gari. Tangu siku hiyo mama hunywa dawa ya kuzuia damu kuganda. Kila mwezi namsindikiza hospitalini Homa Bay, anadungwa kidole, damu yake inapewa namba. Namba isishuke chini ya mbili, isizidi tatu. Ikishuka, damu inaweza kuganda tena. Ikipanda sana, anaweza kuvuja damu hata kwa kupiga mswaki. Kwa miezi mingi namba yake ilikaa palepale katikati, mbili na nusu hivi, na sista aliyekuwa akimpima alikuwa akimtania kwamba yeye ndiye mwanafunzi wake bora.

Lakini mimi nilimwona amefifia. Alikuwa akitoka kuchota maji anakaa chini kwanza kabla ya kutua ndoo vizuri. Ndipo mama mmoja wa kanisa letu, anayeuza vitamini nyumba kwa nyumba, akanionyesha chupa kubwa nyeupe ya vitamini za wazee. Vidonge vyake vilikuwa virefu, rangi ya tofali. Alisema vina kila kitu. Mimi mtu akiniambia kitu kina kila kitu huwa namshuku, maana hata chaja ya kila simu huwa haichaji simu yoyote vizuri. Lakini hapo nilikuwa nanunua kwa ajili ya mama, na ushuku wangu nikauacha nyumbani.

Sikuzipeleka hivihivi, lakini. Nina ugonjwa wa kutaka kujua. Nilizijaribu mwenyewe kwa wiki nzima, mbili kila asubuhi, kama nilivyoelekezwa. Siku ya kwanza nilipata ile manjano na nikabaki nimesimama chooni nikiitazama kwa mshangao. Siku ya pili nilizinywa kabla ya kula chochote, na nusu saa baadaye nikawa nimeshika kaunta, mate yamejaa mdomoni, karibu nitapike juu ya skrini ya mtu. Mchana kutwa nilicheua ladha ya chuma na samaki aliyelala. Siku ya tatu nilikunywa uji kwanza, na tumbo likatulia kiasi. Nikaandika kwenye kifuniko cha chupa kwa kalamu ya wino: KULA KWANZA. Nilijivunia sana utafiti wangu.

Mama alipozianza nilimpigia kila jioni. "Umezinywa?" "Nimezinywa." "Zote mbili?" "Zote mbili, nyathina." Mtoto wangu, ndivyo anavyoniita hata sasa nikiwa na mvi mbili tatu. Halafu ikaja ile simu ya manjano, na baada yake hata wenzake wa kikundi cha akina mama kanisani wakaanza kuniagizia.

Mwezi uliofuata namba yake ilikuwa moja na nukta saba.

Sista aliitazama mara mbili. Akageuza kiti. "Mama, kuna kitu umebadilisha? Chakula? Dawa ingine?"

"Hakuna," nikasema mimi. Mama alikuwa hata hajafungua mdomo.

Sikuwa nadanganya. Kwa akili yangu dawa ni kitu unachokunywa ukiwa mgonjwa, kinachoandikwa kwenye karatasi na daktari. Vitamini inauzwa rafu moja na glukosi na unga wa uji wa mtoto. Ningeulizwa kuhusu chakula na bado nisingeitaja, kwa sababu si chakula pia. Iko katikati, mahali ambapo hakuna swali linalofika.

"Mboga za majani je?" sista akauliza. "Mvua imenyesha, saa hii watu wanakula sana."

Mama akacheka. "Sasa mimi nitakula nini kama si mboga?"

Sista akatueleza polepole kwamba mboga za majani zina kitu kinachovutana na ile dawa. Akasema tena, naikumbuka sentensi yenyewe, "Lakini usiache, mama. Kula tu kiasi kilekile kila siku, ndio sisi tujue tunapima nini." Nilisikia sehemu ya kwanza. Ya pili ilinipita, au niliiacha inipite, kwa sababu nilikuwa tayari nimeshampata mshtakiwa.

Nikapiga marufuku mboga. Mama yangu ana kishamba nyuma ya nyumba, na mvua ilikuwa imekijaza osuga na apoth mpaka njia ya kupita imepotea. Osuga ndiyo mnavu, na apoth ndiyo mlenda. Mnavu ndio wake hasa. Yeye huichemsha, akaitia maziwa, akailaza, akaipasha tena kesho yake, mpaka uchungu wake unakuwa mtamu kwa namna ambayo sijawahi kuielewa. Hicho ndicho chakula anachokipenda duniani. Niliposema asionje hata jani, hakubisha. Alichuma akagawia majirani. Jioni nikipiga simu naye ananiambia amekula ugali na dagaa wa omena, kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo.

Nilimhurumia. Na kwa kuwa nilimhurumia, nikafikiri: ameacha mboga, kwa hivyo mwili unakosa vitamini. Basi nikamwambia aongeze kidonge, ziwe tatu.

"Tatu?"

"Tatu, mama. Za kujazia mboga."

"Sawa."

Mwezi uliofuata namba ilikuwa moja na nukta nne. Safari hii sista hakutania mtu. Aliongeza kipimo cha dawa, akauchunguza mguu, akaukandamiza kwa kidole kwenye shavu la mguu, na mama akakunja uso. Akaniambia mimi, si mama, kwamba akianza kuhema ovyo au kifua kimchome, nisingoje kukuche. Nikarudi Migori nikiwa na woga ambao sijawahi kuwa nao. Kila simu iliyolia mezani, hata za wateja zilizokuwa zinatengenezwa, nilidhani ni jirani wa mama.

Fundi akiogopa hufanya kazi vibaya, na mimi nilikuwa nimevunja sheria ya kwanza ya kazi yangu. Simu ikikataa kuwaka, unabadilisha kitu kimoja, unajaribu, halafu kingine. Ukibadilisha betri na waya wa chaji kwa pamoja, hata ikiwaka hutajua ilikuwa inaumwa nini. Nikachukua boksi la skrini, nikaandika nyuma yake kila kinachoingia mdomoni mwa mama. Dawa. Ugali. Omena. Chai bila sukari. Uji. Vitamini nilikaribia kuziacha. Niliziandika mwishoni, kwa ajili tu ya kukamilisha orodha.

Chupa ya pili ilikuwa pale pale kwenye droo ikingoja safari. Maandishi yake madogo sikuwahi kuyasoma. Yalikuwa ya Kiingereza na madogo kama miguu ya sisimizi. Nikaiweka chini ya ile lenzi ninayotazamia bodi za simu. A ilikuwepo, C, D, E, na B zaidi ya tano, sijui kwa nini hawakuzipa herufi zao. Chini kabisa kulikuwa na K.

K ilinishangaza. Nimesikia watu wakikosa A, mtoto anapewa matone kliniki. Sijawahi kusikia mtu anayeumwa kwa kukosa K. Nikampigia yule mama aliyeniuzia.

"Hiyo ni ya mifupa na damu," akasema.

"Damu kivipi?"

"Inasaidia damu, dada. Si unataka mama apone?"

Kuna jibu linalokutuliza na kuna jibu linalokufanya utafute namba ya hospitali. Nilimpigia sista. Nilipomsomea orodha ya kwenye chupa na kufika mwisho, akanitaka nirudie ile herufi.

"Hiyo K ndiyo inasaidia damu kuganda," akasema. "Ndiyo hiyohiyo iko kwa mboga, ila ya kidonge inaingia mwilini upesi zaidi. Anakunywa ngapi?"

"Tatu."

"Nani alimwambia tatu?"

"Mimi."

Hakunigombeza. Ningependa angenigombeza. Alisema tusikurupuke kuziacha bila yeye, kwa sababu alikuwa ameongeza dawa ili kupambana na kitu asichokijua, na kitu hicho kikiondoka ghafla damu inaweza kuwa nyepesi kupita kiasi. "Mlete kesho. Na chupa uilete."

Alfajiri niliacha kibanda kimefungwa nikaenda, na kwa mara ya kwanza maishani sikumpigia mama kumwambia naja. Sikujua ningeanzaje kusema kwenye simu. Nilifika nyumbani kwake, upande wa ziwani, jua likiwa limepanda. Mlango ulikuwa wazi. Mezani kulikuwa na kikombe cha uji kimeishia nusu na kisahani kitupu. Mama hayupo. Kisha nikasikia sauti nyuma ya jiko.

Alikuwa ameinama, mkono mmoja ukutani, anatapika. Mimi nilichowaza ni mapafu, ni donge, ni kwamba nimechelewa. Nilimshika kiunoni nikiita jina la Mungu. Alimaliza, akajifuta mdomo kwa ncha ya leso, akanitazama kama mimi ndiye niliyefumaniwa.

"Umekuja bila kupiga simu," akasema.

"Mama, kifua kinakuuma? Unapumua?"

"Napumua. Ni zile vitamini tu. Itaisha saa hii."

"Itaisha nini?"

"Hii ya kutapika. Huwa ni dakika kidogo. Zingine zinarudi, zingine zinabaki."

Nikamketisha kwenye kibao cha jikoni. Nikamuuliza ni tangu lini. Tangu chupa ya kwanza, akasema. Mbili zilikuwa zinavumilika, siku nyingine hata hazirudi. Tatu ndizo zilizomshinda.

"Na ile siku ulinipigia simu? Ile ya manjano?"

"Hiyo ilikuwa kweli." Akatabasamu kidogo. "Nilifurahi kupata kitu kizuri cha kukwambia."

"Mbona hukuniambia zinakutapisha, mama? Kila jioni napiga simu. Kila jioni nakuuliza!"

Nilikuwa nimepandisha sauti. Yeye hakupandisha yake.

"Huniulizi kama zinanisumbua," akasema. "Unaniuliza kama nimezinywa."

Niliona aibu, aibu ya kweli, ile inayokaa shingoni, na nilikasirika pia, na sikujua hasira niipeleke wapi kwa sababu kila mahali nilipogeuka nilijikuta mwenyewe. Mimi ninayejua tumbo la kila simu inayoletwa mezani, sikujua tumbo la mama yangu kwa miezi miwili. Nikamweleza yote, kuanzia herufi K mpaka simu ya sista. Nililia nikieleza. Alisikiliza huku akinipangusa uso kwa upande safi wa leso ileile.

"Kwa hivyo osuga haikuwa na makosa?" akauliza nilipomaliza.

"Haikuwa na makosa. Ulikuwa unaila vilevile miaka yote. Ni mimi."

Alifikiri juu ya hilo. "Nimempa jirani mpaka ng'ombe wake ameshiba," akasema, na hapo hata mimi nikacheka.

Hospitalini sista alipanga upya kila kitu. Vitamini zikasimamishwa, dawa ikapunguzwa, mboga zikarudi, bakuli moja kila siku, bakuli lilelile. Kwa wiki nne tulikwenda kila wiki. Mimi nililala vibaya zote nne. Namba ilipanda taratibu: moja na nukta sita, moja na nukta tisa, mbili kamili. Mara ya nne ilikuwa mbili na nukta nne, na sista akachora mstari chini yake kwenye kitabu, na maumivu ya mguu yalikuwa yameisha.

Halafu akaweka kalamu chini, akamgeukia mama. "Mama, na mwili mwenyewe unausikiaje?"

Mama alifungua mdomo. Kabla ya kujibu, akageuka akanitazama mimi, kuona uso wangu unataka jibu gani.

Nikainuka. Nilisema nakwenda kutafuta maji ya kunywa, ingawa chupa ilikuwa imejaa mkobani, nikatoka na kuuvuta mlango nyuma yangu. Nikiwa pale nje kwenye benchi nilimsikia akianza kusema, na alisema kwa muda mrefu.