Taa Zilizokunywa Uji

Bibi harusi aliingia Mtinko juu ya lori la chumvi, sari yake nyekundu imeshageuka rangi ya barabara. Tuliokuwa gulioni tuliacha kuuza. Mimi niliviacha vyungu vya mama viangaliwe na Mungu, nikakimbia kusimama mbele kabisa. Tangu mwalimu alipotuonyesha Bara Hindi kwenye ramani nilikuwa nimeshaamua kwamba iko siku nitafika huko. Sijafika bado. Lakini siku ile Bara Hindi lilinijia lenyewe, likateremka kwenye lori likinyoosha mgongo.

"Pole na safari, bibi harusi!" nikampigia kelele.

Hakuelewa hata neno. Akacheka, nami nikacheka, na urafiki wetu ukaanzia hapo.

Mumewe ndiye mwenye duka, kijana mpole aliyezaliwa hapa hapa, akisema Kinyaturu kama sisi. Lakini nyumba ilikuwa ya mama yake, mama mmoja mwembamba aliyekaa mlangoni akichambua mchele na kuona kila kitu. Nilimsalimia shikamoo, akaniruhusu kuingia uani kumfundisha mkwewe Kiswahili. Nilifundisha kidogo na kuuliza sana. Aliniambia kwao Gujarat kuna mto wenye ngazi za mawe, na tembo hupakwa rangi usoni siku ya harusi. Nikamwambia tembo wetu hawapakwi rangi, wao wanakuja tu kula mtama na kuangusha ghala. Alicheka mpaka akakaa chini.

Basi siku moja, jua kali na mvua bado, nikamkuta analia mbele ya sanduku. Ndani mlikuwa na nyasi na vigae. Alikuwa amebeba taa za udongo kutoka kwao, visahani vidogo vya kutilia mafuta na utambi, aziwashe Diwali, sikukuu yao ya taa. Bahari haikuzivunja, gari moshi halikuzivunja. Njia ya kutoka Manyoni ilizimaliza zote.

"Si kuna koroboi dukani?" nikamwuliza. Zilining'inia humo kama popo.

"Hapana, dada. Koroboi moshi. Hii Mungu yake. Udongo." Akajifuta macho, akatafuta maneno. "Mimi bibi mpya. Mimi nawasha mlangoni, heri inaona mlango, inaingia. Hakuna taa, heri inapita. Mimi mgeni tu hapa. Siku zote mgeni."

Moyo wangu ukayeyuka kama samli.

"Udongo tu?" nikasema. "Unamjua mama yangu lakini?"

Mama alicheka sana. "Visahani hivi vya nani, vya panya?" Lakini alifinyanga, nami nikafinyanga vyangu, vikatoka kama masikio ya mbuzi. Tukavikausha, tukavichoma kwa samadi kavu, na siku moja kabla ya sikukuu nikavipeleka kichwani huku nikiimba njia nzima.

Bibi harusi alitia mafuta kwenye kimoja, akaweka utambi wa pamba, akawasha. Tukapiga makofi. Makofi hayajaisha, taa imezima. Mafuta hayakuwamo. Udongo umekunywa yote, kama mlevi siku ya gulio. Tukajaribu kingine, ikawa vile vile. Nikatoka mbio.

"Mama! Taa zinakunywa mafuta!"

Mama akajishika kichwa. "Maskini, hatukuzilisha!"

Kwetu chungu kipya hakitumiki mpaka kilishwe kwanza. Unachemsha humo uji mwepesi wa mtama, unaingia kwenye vitundu na kuviziba, ndipo kinashika maji. "Nilisema taa haipiki," mama akalalamika akifunga unga kwenye kaniki, "itataka chakula cha nini? Kumbe nayo ina tumbo!"

Tulipofika uani, mama mkwe, yule mama wa dukani, akasimama mbele ya jiko.

"Iko nini hii?"

"Mtama na maji, mama," mama yangu akajibu.

"Nyama hakuna?"

"Hakuna kabisa."

"Na hii chungu? Imepika nyama?"

Mama yangu akakitazama chungu chake. Uongo hauwezi. "Hata jana," akasema.

Kwao nyama haiingii jikoni. Chungu kikatolewa nje kama mwizi! Nikakimbia kuleta kipya kutoka gulioni, nacho kikala pamoja na taa zake.

"Kwetu nalowesha maji tu, basi," mama wa dukani akasema.

"Maji yanakauka, mama."

"Na uji yako inanuka."

"Inanukia!"

Hawakupatana. Wakagawana taa nusu kwa nusu, hizi akazichemsha huyu, zile akazilowesha yule, kila mmoja akimchungulia mwenzake kwa pembe ya jicho. Habari zikatoka nje, na kesho yake jioni barabara nzima ilikuwa imegawanyika, hawa wa uji, hawa wa maji.

"Za uji zitazima kwa shibe!"

"Zenu zitaota ukungu!"

Jua lilipogusa mawe ya kilimani likizama, bibi harusi akatoka na sinia. Taa zote zilikuwa humo, amezichanganya.

"Zangu zipi?" akauliza mama yangu.

"Zangu iko wapi?" akauliza mama wa dukani.

"Zote zangu," akasema bibi harusi, akainama kuziwasha.

Upepo wa kwetu hauna adabu. Ulikuja pale pale, miali ikalala. Sijui nani alianza, lakini wanawake tulifungua kaniki za mabegani tukazitandaza, tukasimama kama ukuta, wa uji na wa maji, bega kwa bega. Miali ikainuka. Mumewe akasoma sala yao mpaka mwisho na mafuta yakabaki yakimeta kwenye visahani, hata kwenye masikio yangu ya mbuzi.

"Ile inayowaka vizuri ni yangu," mama akanong'ona.

"Hapana, yangu," akanong'ona mama wa dukani.

Bibi harusi akasimama katikati ya mwanga na sahani ya ladu, vibonge vitamu vya kwao, mkononi, machozi na kicheko pamoja, akatuita sote kwa Kiswahili ambacho sikumfundisha mimi:

"Karibuni kwangu!"

Tukaingia wote, na mbuzi wa jirani naye akaingia.