Uso wa Vitone na Udongo

Nilipoolewa Nchelenge, kando ya ziwa, miaka ya hamsini, nilikuja na sifa moja tu: nilijua kupamba ukuta. Wenzangu walipaka udongo mweupe wakaridhika. Mimi nilikata picha kwenye magazeti yaliyofungiwa chumvi na sukari, nikazibandika kwa uji wa muhogo, kisha nikazizungushia udongo mwekundu na masizi hadi usijue karatasi inaishia wapi na ukuta unaanzia wapi. Kwangu mwanamke wa tangazo la sabuni alisimama kando ya kisima nilichomchorea mimi, na motokaa ilipita katikati ya shamba la mihogo. Majirani walikuja kuchungulia. Nilivimba kichwa, sikatai.

Mama mkwe wangu hakuja kuchungulia. Nilimwita mayo, yaani mama, kama wasemavyo Wabemba, ingawa yeye alizaliwa ng'ambo ya ziwa, upande wa Kongo, na akiwa na hasira au huzuni alirudi kwenye Kiswahili cha kwao. Msimu wa mvua uliofuata harusi yangu, mwanawe wa mwisho, shemeji yangu, alizama akitoka Kilwa, kisiwa kilichomo ziwani humo. Ziwa halikumrudisha. Hakukuwa na kaburi wala picha, na kilichomtesa mama yule ni kwamba sura yenyewe ilikuwa inamtoka. Aliniambia siku moja tukimenya muhogo: "Mwana, macho yake niko naona. Lakini kinywa yake inapotea."

Niliendelea kumenya.

Basi kuna asubuhi nilikunjua gazeti lililofungiwa chumvi, nikamwona shemeji. Wanaume wanne wanavuta wavu ufukweni Kabuta, na wa pili ni yeye, anaitazama kamera kama mtu aliyekatizwa maneno. Nikakumbuka kuwa muzungu mmoja alipita kule akipiga picha za biashara ya samaki. Chumvi niliiacha imemwagika, nikakimbia na karatasi hadi nyumbani kwa mama mkwe.

Aliichukua, akaisogeza mpaka ikamgusa pua, kwa sababu hivyo ndivyo mama anavyomtazama mwanawe. Akatazama sana. Kisha akanigeukia kwa uchungu. "Juu ya nini unanicheka? Hapa hakuna mutu. Iko vitone tu."

Nikatazama na mimi. Alisema kweli. Kwa karibu, uso ule ulikuwa vitone vyeusi, vikubwa na vidogo, vimepangwa mistari. Miaka mingi baadaye mpiga chapa mmoja alinieleza kwamba mashine haijui kuchapa kijivu. Huivunja picha yote kuwa vitone, ikaliachia jicho kazi ya kuviunganisha. Siku ile sikujua lolote. Niliibana karatasi ukutani kwa viganja, nikamwambia, "Mayo, murudi nyuma kidogo. Tena. Tena." Alipofika kizingitini akapiga yowe, majirani wakadhani kuna msiba mwingine.

Niliibandika palepale. Tangu siku hiyo alihamishia kigoda chake mlangoni, na kila aliyeingia ilibidi amruke miguu. Hakujali.

Ningeiacha hivyo, mambo yangekuwa mazuri. Lakini moshi wa jiko ulianza kuigeuza karatasi rangi ya chai, nami nilikuwa na mikono isiyotulia. Kwetu kitu unachotaka kidumu unakipaka mafuta: kafi, ngozi ya ngoma, mtoto mchanga. Hakuna aliyewahi kuniambia kuwa karatasi ni mambo mengine. Jumapili moja, mama alipokwenda kanisani, nilichukua mafuta ya samaki nikampaka shemeji yangu kwa kidole, taratibu, kuanzia paji la uso hadi kidevuni. Aling'aa. Nikajipongeza. Kisha karatasi ilipokwisha kunywa mafuta ikaanza kuonyesha kilichokuwa nyuma yake: tangazo la sabuni, herufi kubwa nyeusi, zimegeuka kinyume, zikapita juu ya mashavu yake na kumfunga kinywa.

Nilisugua kwa kitambaa, ikawa balaa zaidi. Nililia. Nikafikiria kusema ni mende, au ni paa limevuja, lakini kila uongo niliotunga ulinuka samaki. Mama aliporudi alikaa kigodani, akatazama. Nilipiga magoti nikamwambia ni mimi.

Hakunitukana. Ningependa angenitukana. Alisema tu, "Ulimuharibu, sasa umutengeneze. Weye uko na mikono, miye niko na macho."

Tukaanza siku ileile. Udongo mweupe wa kufunika herufi, mwekundu kwa ngozi, masizi kwa nyusi. Mwanzoni udongo ulikataa kushika kwenye mafuta. Nikauchanganya na uji wa muhogo, ukashika. Yeye alikaa mlangoni akielekeza, mimi nilikuwa ukutani, karibu mno, sioni kitu ila vitone na tope.

"Mashavu ijae," alisema. Nikajaza. "Bado. Ijae tena. Kinywa kidogo. Hapana, kidogo kupita hapo. Na ile jino ya mbele, utoshe."

Niliona ajabu kuambiwa nilitoe jino, maana shemeji yangu alikuwa na meno yake yote. Lakini aliyeharibu ni mimi, na sikuwa na uso wa kubishana. Nikalitoa jino. Kazi ilituchukua siku tatu, na siku zote hizo hakuna aliyetaja ziwa.

Siku ya tatu aliniita nikasimame karibu naye mlangoni. Niligeuka nikatazama. Mabega yalikuwa ya mvuvi, yaleyale yaliyochapwa na mashine, na wavu ulikuwa nyuma yake. Juu ya mabega hayo kulikuwa na uso wa mtoto wa miaka sita, mashavu tele, pengo mbele.

Nilihisi aibu na huruma kwa pamoja. Nilikuwa nimemharibia mwanawe mara ya pili. "Mayo," nikasema polepole, "huyu ni mutoto. Nilikosa. Tuanze tena."

Hakuondoa macho ukutani.

"Hapana, haukukosa. Ule mukubwa, mayi ya ziwa ilimubeba. Huyu atabaki na miye."