Arobaini kwa Arobaini

Sikuwa na meno mawili ya mbele. Sikuwa na gari wala shamba. Sikuwa na mtu mtaani wa kunifundisha kitu.

Na sikuwa na shaka hata chembe.

Hilo la mwisho ndilo nusura liniponze. Siku niliyopata alama arobaini kwa arobaini, mke wangu alikuwa na siku kumi na tisa bila dawa ya presha.

Mimi ndiye niliyemwachisha.

Naitwa Ayalneh, fundi cherehani mstaafu, hapa Dessie, Ethiopia. Kiswahili nilikiokota Moyale, nilikoshona sare miaka tisa. Shule nilisoma ya usiku, na darasa la nane nilifaulu nikiwa baba wa watoto watatu. Kiingereza kipo. Simu naifungua mwenyewe, sisubiri wajukuu.

Basi nikakuta ukurasa: dawa kama ile ya mke wangu Yeshimebet, eti wazee hawaihitaji.

Nikaangalia tarehe, maana msomi huangalia tarehe. 2016. Mwaka huu huu! Habari bado inafuka moshi.

"Yeshimebet," nikamwambia, "hizo dawa weka chini. Sayansi imesonga mbele."

Alikuwa anakaanga kahawa, hata hakugeuka.

"Ishi, ishi."

Kwetu ishi ni sawa. Nikaridhika.

Wiki ya tatu, kwenye banda la chama chetu cha kuzikana, akaja Meklit, mtafiti wa chuo. Anapima wazee: habari za afya za mtandaoni tunazimudu, au zinatuchezea? Maswali manane, kila swali unajipa mwenyewe alama, moja hadi tano.

"Gashe Ayalneh," akaniita kwa heshima ya wazee, "unajua kutenganisha habari nzuri na mbovu?"

"Tano."

"Unajiamini kuamua jambo la afya kwa ulichosoma?"

"Binti, hakuna sita?"

Banda likaangua kicheko. Jirani yangu Worku akadakia, "Mwandikie saba! Huyu akitaka kupiga chafya anaomba ruhusa kwa simu."

"Nyamaza wewe. Umepata ngapi?"

"Kumi na moja."

"Ndiyo maana."

Wanawake walipimwa jana yake. Yeshimebet alijipa moja kila swali: nane, wa mwisho kabisa. Nilimhurumia kweli.

Meklit akasema, "Gashe, nionyeshe ukurasa mmoja uliouamini."

Nikaufungua kwa mbwembwe. Akasoma. Tabasamu likamfutika.

"Uliufanyia kazi?"

"Mke wangu ana siku kumi na tisa hajagusa dawa."

"Gashe! Huu ukurasa ni wa mwaka gani?"

"2016. Mwaka huu."

"Mwaka huu kwetu. Walioandika hapa sasa wako 2024."

Jamani.

Kalenda yetu Wahabeshi iko nyuma ya yao kwa miaka saba na ushee. Hilo nalijua tangu utoto, mtoto yeyote hapa analijua! Lakini jicho liliona namba liliyoitaka. Habari yangu ya moto ilikuwa na miaka minane.

Akashuka hadi chini ya ukurasa, ambako sikuwahi kufika. Maandishi madogo: ushauri huu umeondolewa.

Nilitoka mbio. Miaka sabini na moja, mlima wa Dessie, kiatu kimoja kikabaki matopeni.

Nikamkuta anamimina kahawa ya pili.

"Meza dawa! Sasa hivi!"

"Nimemeza asubuhi."

"Ya leo?"

"Ya leo, ya jana, ya juzi. Siku ile ulipotoka tu nilimpigia nesi Zinash. Akasema nisithubutu kuacha."

"Lakini uliniambia ishi!"

"Mara ngapi, baba Hirut?"

Nikahesabu. Mara mbili.

Kila mume wa nchi hii anajua: ishi moja ni sawa. Ishi mbili ni hebu niondokee hapa. Nyie Waswahili mkilisikia neno hilo mnasikia kuishi, na siku ile hamkukosea.

Nilikaa chini na kiatu changu kimoja, nikacheka mpaka machozi. Sijui yapi yalikuwa ya kicheko.

Ndugu zangu, kujipa alama ni rahisi. Soma, tena soma hadi chini, kisha muulize mwenye kazi yake. Mwenye nane aliuliza. Mwenye arobaini hakuuliza.

Jioni nikaandika barua kwa Meklit: *Alama zangu futa. Na ongeza swali la tisa: ukishasoma, unamuuliza nani?*

Yeshimebet akachungulia begani.

"Hiyo tarehe ni ya kalenda gani?"

Nikaandika zote mbili. Nikaifunga bahasha kwa uji wa tefu, nafaka yetu, na asubuhi nikaipeleka posta, viatu vyote viwili miguuni.