Namba Mbili Isiyo na Mwenyewe

Kwa miaka mingi nimekana kwamba niliwahi kufundisha kemia. Mtu akiniita sokoni Kimironko, "Mwalimu wa kemia!", humwambia kwamba huyo alikuwa dada yangu (sina dada). Leo acha niseme: nilikuwa mimi, hapa Kigali, mwaka wa tisini na mbili, na aibu ni yangu, ila shukrani ni za mtu mwingine, ndiyo maana naandika.

Nilikuwa nimetoka chuo kikuu na shahada ya fasihi, nafundisha kwa muda katika shule ya watawa, ambao sote tuliwaita masera. Mwalimu wa kemia alipokwenda kujifungua, Masera Mkuu aliuliza nani atamshikia darasa la pili la sekondari, wenzangu wakatazama dari, na mimi, kwa kuwa alikuwa ameniahidi ajira ya kudumu siku ya wazazi ikipita vizuri, nikanyoosha mkono (tangu hapo sinyooshi mkono kwenye kikao chochote, hata cha harusi).

Kitabu nilikisoma juu juu, nikaamua kwamba ile namba ndogo inahesabu herufi inayoifuata. Kwa hiyo H₂O, kwangu mimi, ilikuwa hidrojeni moja na oksijeni mbili. Watoto niliwavika herufi za karatasi ngumu kifuani, na Uwera, msichana mtiifu kuliko wote, nikampa namba 2: kazi yake kumshika mkono anayemfuata kwenye mstari, halafu darasa linaimba hesabu. Walifurahi sana, na mimi nikawazidi.

Siku ya wazazi tukapanga maji uani. Mama Furaha, mfamasia aliyetoka Bukavu, akainuka kitini.

"Mwalimu, haya ni maji?"

"Ndiyo, mama."

"Kwenu Nyamirambo ndiyo munakunywaka haya?"

Wazazi wakacheka. Ningenyamaza yangeishia hapo, lakini nikajibu kwa sauti ya profesa kwamba sayansi ina utaratibu wake, namba humhesabu anayefuata.

"Basi tupangie CO₂," akasema, "ile gesi ya soda."

Wakajipanga C, kisha O, kisha Uwera na 2 yake. Akageuka kumtafuta anayefuata. Hakuna mtu. Mwezi mzima sikuwa nimewapa fomula inayoishia na namba. Uwera akaangaza tena, akaona kwamba baada yake, kwenye kiti cha mbele, yuko Masera Mkuu, akamshika mkono, na darasa lote, kama nilivyowafundisha, likaimba:

"Kaboni moja, oksijeni moja, Masera wawili!"

Jioni niliitwa ofisini.

"Mwalimu, umewahi kusoma kemia?"

"Hapana, Masera."

"Hata kidogo?"

Kabla sijajibu, simu ililia. Akasikiliza muda mrefu, akinitazama, kisha akanipa mkono wa simu. "Anakutaka wewe."

Alikuwa Mama Furaha. "Mwalimu, kemia haujue, niseme wazi. Mimi naijua, lakini watoto wangu wakiniona na kitabu wanakimbia. Wewe wanakusikia mpaka wanamshika Masera mkono! Nimemwomba asikufukuze. Jumamosi kuja kwangu famasi nikufundishe, Jumatatu uwafundishe wao."

Nikachukua kalamu ya Masera mezani, nikaandika "Jumamosi" kiganjani.

"Uko hapo?"

"Niko, mama."

"Basi mrudishie Masera simu, bado hajanijibu."

Nikamrudishia. Masera akavuta pumzi, akamwambia ndiyo.